Plastiki nayo huota sugu: Neno tulilolikosa katika historia ya msuguano

Mamangu ni mkulima wa miaka sabini na ushei. Nyonga yake ya kushoto ilimsumbua kwa muda mrefu, na siku daktari alipomuuliza tatizo ni lipi, alijibu kwa neno moja tu: "Imelika." Daktari aliandika istilahi ndefu ya Kiingereza katika faili. Nilipoitafakari baadaye, niliona haikuongeza mengi juu ya alilosema mamangu.

Kilichotukwamisha kilikuja wiki iliyofuata. Hospitali, ambayo sitaitaja, ilitupa karatasi ya maelezo kuhusu kiungo bandia, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Mstari mmoja ulisema hivi: "Kikombe cha plastiki kimetibiwa kwa plazima." Mamangu, ambaye husoma kila kitu kabla ya kutia saini, aliweka kalamu chini. "Plazima si ile ya damu? Ni damu ya nani hiyo? Na hiyo plastiki ilikuwa inaugua nini hata ikatibiwa?" Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka, maanake riziki yangu hutokana na kufundisha Kiswahili na sikuwa na jibu. Tulirudi nyumbani bila upasuaji, naye akakaa na maumivu yake majuma matatu zaidi kwa sababu ya maneno mawili yaliyotafsiriwa ovyo.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Litatupeleka Uingereza na Marekani, kwa sababu huko ndiko maneno haya yalikozaliwa.

Tuanze na plazima, maadamu ndiyo iliyozua balaa. Neno ni la Kigiriki, na maana yake ya asili ni kitu kilichofinyangwa. Wanabiolojia walilichukua mapema, katika karne ya 19, wakayaita maji yale ya damu yanayobaki ukiziondoa chembe zake. Kisha mnamo 1928 mwanakemia Mmarekani, Irving Langmuir, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, alitafuta jina la gesi iliyopitishwa umeme hadi chembe zake zikagawanyika kuwa elektroni na ayoni. Kwa mujibu wa kumbukumbu za msaidizi wake, Harold Mott-Smith, Langmuir aliifananisha gesi hiyo na damu. Jinsi maji ya damu yanavyobeba chembe nyekundu na nyeupe, ndivyo gesi hii inavyobeba elektroni na ayoni. Akaazima neno la madaktari, likabaki. Mwingereza William Crookes alikuwa amemtangulia mwaka wa 1879 kwa kuiita "maada inayonururika" na kuihesabu kuwa hali ya nne ya maada, lakini jina lake halikushika.

Kwa hiyo mamangu hakukosea kusikia damu ndani ya plazima. Langmuir mwenyewe ndiye aliyeitia humo. Ila plazima ya Langmuir haina damu hata tone. Ni radi. Ni mwanga ulio ndani ya taa za mirija madukani. Ni ule mwale mkali unaowafanya wapita njia wafumbe macho pale fundi wa jua kali anapochomelea geti.

Sasa, hiyo plazima na plastiki zilikutania wapi? Hapa inabidi tuzunguke kidogo, kwa sababu kabla ya kuelewa kwa nini mtu atake kubadilisha uso wa plastiki, ni lazima tuelewe tofauti ya vitenzi viwili vya Kiswahili: kusuguana na kulika. Sisi huvitumia kila siku bila kuvichanganya. Mwiko husuguana na sufuria. Soli ya kiatu hulika. Sayansi kwa muda mrefu ilishughulika na cha kwanza na kukisahau cha pili. Leonardo da Vinci alichora majaribio ya msuguano zaidi ya miaka 500 iliyopita, na Mfaransa Guillaume Amontons akatangaza kanuni zake mwaka wa 1699. Kulika kuliachiwa mafundi na washona viatu. Wengi walidhani, na dhana hiyo ina mantiki yake, kwamba kinachoteleza vizuri hakitalika upesi.

Aliyelipia dhana hiyo kwa uchungu ni daktari wa mifupa wa Uingereza, John Charnley.

Charnley alizaliwa mwaka wa 1911 mjini Bury, katika jimbo la Lancashire, na kazi iliyompa jina aliifanyia katika hospitali ya Wrightington, karibu na Wigan, iliyowahi kuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo madaktari wengi waliiga kazi ya ndugu wawili wa Paris, akina Judet, ambao tangu 1946 walikuwa wakibadilisha kichwa cha mfupa wa paja kwa kichwa cha plastiki ngumu ya akriliki. Charnley alikutana na mgonjwa mmoja wa aina hiyo ambaye nyonga yake ililia kama bawaba kavu. Alipoinama mezani wakati wa kula, mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mkewe alishindwa kuuvumilia. Watu wengine wangekichukulia kisa hicho kama kichekesho. Charnley alisikia ndani yake swali la uhandisi: mlio ni dalili ya msuguano, na msuguano ukiwa mkubwa utakilegeza kiungo kitoke katika mfupa.

Alipima msuguano wa viungo vya wanyama akaona uko chini mno, chini kuliko barafu juu ya barafu. Akaanza kutafuta kitu kinachoteleza vivyo hivyo. Jibu lilionekana wazi. Mwaka wa 1938 Roy Plunkett, mwanakemia wa kampuni ya DuPont, alikuwa amegundua kwa bahati tu unga mweupe ndani ya mtungi wa gesi, unga ambao baadaye dunia iliujua kwa jina Teflon. Ni ile tefloni iliyo katika vikaango vyetu. Hakuna kigumu kinachofahamika sana ambacho kinateleza kuishinda. Kuanzia 1958 Charnley akawatia wagonjwa wake vikombe vya tefloni nyongani.

Matokeo ya kwanza yalikuwa ya ajabu. Waliokuwa wakitambaa walitembea. Wagonjwa kama 300 hivi walipata vikombe hivyo. Halafu, baada ya miaka miwili au mitatu, wakaanza kurudi. Kichwa cha chuma kilikuwa kimeichimba tefloni kama mchi unavyochimba kinu cha mti laini, na vumbi lililotoka humo lilikuwa limeijaza nyama inayoizunguka nyonga na kuiwasha vibaya. Ili kuhakikisha kwamba kosa ni la tefloni yenyewe, Charnley alijitia vipande vyake pajani mwake mwenyewe, chini ya ngozi, na vingine vya plastiki tofauti kando yake. Tefloni iliumuka vinundu. Ile nyingine ilitulia.

Soma tena hapo: kitu kinachoteleza kuliko vyote ndicho kilicholika kuliko vyote. Msuguano mdogo, ulikaji mkubwa. Mkulima wa mahindi angemwambia hivyo, kwa kuwa sabuni huteleza na huisha, lakini nadhani mimi pia, kama ningekuwa Charnley mwaka wa 1958, ningechagua tefloni.

Plastiki iliyomwokoa haikutoka kwa daktari. Ilikuwa polithini ya aina maalumu, yenye molekuli ndefu kupita kiasi. Polithini ya kawaida ilikuwa imegunduliwa mwaka wa 1933 na Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI, lakini hii ya molekuli ndefu ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1950 na ikawa inatumiwa katika mitambo ya kufumia nguo. Lancashire ni nchi ya viwanda vya nguo. Mnamo 1962 mchuuzi wa gia za mitambo hiyo alifika Wrightington na kipande cha plastiki yake. Charnley alikibinya kwa ukucha, akamwambia fundi wake, Harry Craven, kwamba anapoteza wakati, akaondoka kwenda mkutanoni Copenhagen. Craven, namshukuru kwa ukaidi wake, alikifunga kipande kile katika mtambo wa kupimia ulikaji na kuuacha ukizunguka usiku na mchana. Baada ya majuma matatu kilikuwa hakijalika hata kwa kiasi ambacho tefloni ililika kwa siku moja. Polithini hiyo haitelezi kama tefloni. Lakini hailiki. Novemba mwaka huohuo Charnley aliianza kuitumia, na kikombe cha nyonga cha leo, kile cha mamangu kikiwemo, ni mjukuu wa kipande kile cha gia.

Kabla sijafika kwenye plazima, kuna kisa kingine ambacho mtu wa lugha hawezi kukiruka. Hata polithini hulika, ila polepole. Miaka ilivyosonga, madaktari waliona mfupa unaoizunguka nyonga bandia ukitoweka, kana kwamba umeliwa na mchwa. Charnley alikuwa ameshikanisha viungo vyake na mfupa kwa saruji ya akriliki, basi lawama zikaangukia saruji. Mwaka wa 1987 hali hiyo ikaandikwa katika majarida kwa jina la "ugonjwa wa saruji". Jina likishaandikwa huwa na nguvu. Viungo visivyotumia saruji vilipigiwa debe, vikatiwa watu, na mfupa ukaendelea kutoweka vilevile. Mkosaji alikuwa vumbi la polithini, chembe ndogo kuliko chembe za damu, ambazo askari wa mwili hujaribu kuzimeza, hushindwa, na katika fujo hiyo huula mfupa. Baadaye jina likabadilishwa, ukaitwa ugonjwa wa chembe. Najiuliza ni wagonjwa wangapi walikaa katikati ya majina hayo mawili.

Turudi kwa plazima sasa. Mwaka wa 1951 mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, alitafuta njia ya kuufanya wino ushike kwenye plastiki nyembamba. Uso wa polithini hukataa wino, gundi na hata maji. Dawa yake ilikuwa kuupitisha chini ya cheche za umeme ziitwazo korona, neno ambalo tangu 2020 halihitaji kutambulishwa, ingawa hapa ni taji la umeme tu. Wakenya tuliishi na kazi hiyo bila kuijua. Kila juala lililokuwa na jina la duka, kabla ya marufuku ya Agosti 2017, lilihitaji uso wake upigwe umeme namna hiyo kwanza, la sivyo maandishi yangebanduka mkononi.

Kisha ukaja mwaka wa 1966, ambao kwangu ndio kiini cha habari hii. Machi mwaka huo, kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliikabidhi serikali ya Uingereza ripoti kuhusu hasara inayotokana na msuguano na kuchakaa kwa mitambo. Jost alikadiria kwamba nchi ingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka endapo ingelichukulia jambo hili kwa uzito. Ila kamati iligundua kwamba elimu yenyewe haikuwa na jina. Waliosoma msuguano walikaa na wanafizikia, wa mafuta ya kulainisha na wahandisi, wa kuchakaa hawakuwa na kwao. Wakatafuta msaada wa wataalamu wa kamusi kule Oxford, na kutokana na neno la Kigiriki la kusugua likafinyangwa jina tribolojia. Wahandisi wakubwa wazima waliona ni sharti waende kwa watu wa kamusi kwanza! Huwa nawasimulia wanafunzi wangu jambo hilo kila mwaka.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa Atlantiki, R. H. Hansen na Harold Schonhorn wa maabara za Bell walichapisha majaribio yao. Waliweka polithini ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, wakaingiza gesi tulivu kama heliamu au agoni, wakaiwasha kwa umeme. Gesi hizo haziungani kikemia na plastiki. Kazi yao ni kugonga tu. Zinapougonga uso wa polithini hung'oa hidrojeni kutoka kwenye minyororo ya molekuli, na minyororo iliyoachwa wazi hushikana na jirani zake. Uso uliokuwa kama tambi zilizolala ovyo huwa kama wavu uliofumwa. Ndani, plastiki hubaki ilivyokuwa, laini na yenye kupindika. Juu, inakuwa imeota ngozi ngumu isiyobanduka kwa urahisi. Wawili hao walitaka gundi ishike vizuri, hawakuwa wakifikiria ulikaji. Lakini waliosoma ripoti za aina ya Jost waliona mara moja swali lililofuata: kama ngozi hiyo haibanduki kwa gundi, je, itabanduka kwa kusuguliwa?

Nilipofika hapa katika kumweleza mamangu, tukiwa tumeketi jikoni na karatasi ya hospitali katikati yetu, alinikatiza. Aliinua viganja vyake, vya miaka hamsini ya jembe. "Si hii ni sugu tu?"

Nakiri nilinyamaza kitambo. Sugu hutokana na kusugua. Ni ngozi iliyosuguliwa hadi ikashikamana, ikawa ngumu juu huku nyama ya ndani ikibaki nyama. Wagiriki walituachia tribolojia, sisi tulikuwa na sugu, na ndani ya neno hilo dogo mna vitu vyote viwili, msuguano na ukinzani dhidi ya kulika. Tofauti ni kwamba kiganja huota sugu kwa kusuguliwa kwanza, ilhali plastiki hutiwa sugu kabla ya kazi kuanza.

Msomaji atauliza kama sugu hiyo ndiyo iliyo nyongani mwa mamangu. Hapana. Ngozi inayoachwa na plazima ni nyembamba mno, hupimwa kwa nanomita, ambazo kwazo unywele mmoja ni makumi ya maelfu. Nyonga hubebeshwa uzito wa mwili mara kadhaa kwa kila hatua, na sugu nyembamba namna hiyo ikishapenywa, kazi imekwisha. Pia uso wa plastiki una tabia ya kusahau: baadhi ya mabadiliko yanayoletwa na plazima hufifia ukiuacha kabatini, kwa kuwa molekuli za juu hugeuka na kuzama ndani. Watengenezaji wa nyonga walifuata njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 waliishikanisha minyororo ya kikombe kizima kwa mnururisho, tuseme sugu hadi ndani kabisa, na ulikaji ukapungua sana.

Plazima imefaulu zaidi penye mzigo mwepesi, kama kwenye pete za mpira za kuzibia mabomba na sindano, ambazo zinatakiwa kuteleza bila mafuta. Mfano ninaoupenda ni lenzi za kuvaliwa machoni. Mwaka wa 1999 zilitoka lenzi za silikoni zinazopitisha oksijeni nyingi, lakini silikoni tupu huyakataa machozi, na kope ingeikwaruza ikipita juu yake. Uso wa lenzi hizo ulipigwa plazima ili ukubali maji. Kope hupepesa maelfu ya mara kwa siku. Huo nao ni msuguano, na anayeuhisi huuhisi kweli.

Basi plazima ilitafuta nini katika karatasi yetu? Iliua viini tu. Zamani vikombe vya polithini viliuliwa viini kwa miale ya gama vikiwa ndani ya pakiti zenye hewa, na oksijeni ikavifanya vikauke na kupasuka kadiri miaka ilivyopita. Gesi ya plazima ikachukuliwa kama njia isiyoijeruhi plastiki. Kwa hiyo wingu lilelile la Langmuir hufanya kazi tatu zisizofanana: hushikisha wino, hutia sugu, huua viini. Kiingereza huzifunika zote kwa kitenzi kimoja ambacho pia ndicho cha daktari na mgonjwa. Mfasiri wetu aliona kitenzi hicho akakimbilia "tibu". Sikatai kwamba siku hizi tunasema maji yaliyotibiwa. Lakini maji machafu yana ugonjwa wa kutibiwa, plastiki haina.

Mwenzangu mmoja wa idara alinionya kwamba "sugu" tayari ina mzigo. Tuna malaria sugu, wahalifu sugu, usugu wa dawa, yote mabaya. Ana hoja. Hata hivyo mzigo huo wote ni tawi la maana ileile, kitu kilichosuguliwa kikakataa kulainika, na sioni kwa nini wahandisi wasilichukue tawi zuri. Napendekeza kutia sugu kwa kazi ya kuukinga uso usilike, kushikisha kwa kazi ya wino na gundi, na kuua viini kwa ile ya tatu. Tribolojia iachwe ilivyo kwa wanaoihitaji vyuoni.

Tuliporudi hospitalini nilimwomba muuguzi kalamu. Nikakata neno "kimetibiwa", nikaandika juu yake "kimeuliwa viini", na baada ya plazima nikaongeza "ya gesi, si ya damu". Mamangu aliusoma mstari huo mara mbili, akauliza kama gesi hiyo imeshatoka, nikamwambia imetoka kitambo. Akatia saini.